Utumbo Mzima wa Ng'ombe

Watu wa kwaya wanasema zeze la mume wangu liliuawa na kinanda cha umeme. Uongo. Liliuawa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, kwa panga, na mimi nilikuwepo.

Zeze lenyewe lilimzidi mume wangu urefu. Alilichonga kwa mti wa mringaringa wa kihambani, shamba letu la nyumbani, akilipiga kwa upinde amesimama, kusindikiza besi kanisani. Nyuzi ndizo zilizotutesa. Nailoni ya kuvulia samaki ililegea kabla wimbo haujaisha. Waya wa breki ya baiskeli ulikuwa mfupi. Waya wa klachi ya lori, kutoka gereji ya mtaa wa Soweto mjini, ulilia kama bati linalokwaruzwa. Kilichofaa ni utumbo wa ng'ombe, usokotwe mbichi, ukaushwe umevutwa kati ya miti miwili. Lakini uwe mzima, na buchani wanauza umekatwakatwa. Machinjioni walinicheka: "Mama, utumbo mzima huo unaenda kufungia mbuzi?"

Basi tukasubiri kipaimara cha mtoto wa shemeji. Miaka ile kahawa haikuwa na bei, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Kuchinja ng'ombe halikuwa jambo dogo. Kwetu nyama ya sherehe ina mgawaji, na kila kipande kina mwenyewe. Mgawaji alikuwa shemeji huyo huyo, tena mwenyekiti wa kwaya. Nilimpelekea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nikapiga magoti.

"Shikamoo shemeji. Naomba utumbo mwembamba usikatwe."

"Marahaba. Chukua wote, mke wetu. Kwani nani anagombania mavi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Kuosha utumbo ni kazi ya wanawake. Nilikaa mferejini asubuhi nzima, nikiugeuza kwa kijiti taratibu usichanike. Ukatoka mweupe, mzima, umejaa beseni. Ndipo shemeji akaja na panga.

"Wageni wa Bomang'ombe wameongezeka. Sufuria haijajaa."

"Shemeji, si ulinipa?"

"Nilikupa ukaoshe."

Akaukatakata palepale juu ya jiwe huku ananitazama usoni. Wageni gani? Supu ilibaki, wakapewa mbwa. Baadaye tukajua: kinanda kilikuwa kimeshaagizwa, na muuzaji ni mkwe wake. Zeze likipata sauti, nani angekitaka?

Mchungaji alijua, akanyamaza. Wanakwaya walijua, siku kilipoletwa wakapiga vigelegele. Nawataja wote, hakuna wa kuniziba mdomo.

Mume wangu hakugombana. Alilifunika zeze kwa gunia akalipandisha darini, akaacha na kuimba. Hapo ndipo siwasamehe. Mtu aliyezoea kuamka anaimba, akawa anaamka, anavaa viatu, anakwenda kukata majani ya ng'ombe kimya kimya, mpaka ugonjwa ukamchukua.

Kwenye maziko wakaja na kinanda chao na betri ya gari, shemeji mbele kafunga tai. Kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza nikasimama.

"Zimeni hiyo kitu."

"Mke wetu, watu wanatazama."

"Watazame. Zima, au mkaimbie barabarani."

Akazima mwenyewe, kwa mkono wake. Wakaimba kwa midomo mitupu, besi ikapotea katikati ya wimbo, wakabaki wanatazamana. Sikumwonea huruma hata mmoja.