Sauti ya Mama Wangui

Sina sababu ya kukudanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, nyumbani kwangu Ngoingwa, na akili zangu zilikuwa timamu.

Mwaka huo wa tisini na kitu nilikuwa nimemaliza dawa za kansa, zile za dripu, katika hospitali moja Nairobi. Uvimbe uliisha, lakini masikio yakaharibika. Yalilia kutwa kucha. Sauti nzito nilizipata kwa mbali. Sauti nyembamba zilipotea kabisa. Binti yangu Njeri, wa miaka sita, alikuwa ananiita mpaka anachoka, ndipo anakuja kunivuta nguo.

Siku hiyo nilikuwa naanika nguo. Nyuma yangu nikasikia, "Mama Njeri, habari ya siku nyingi?"

Nikasikia, unanielewa? Kila neno, safi, bila kutazama midomo. Nikageuka. Alikuwa Mama Wangui wa Kalimoni, tuliyepakana naye vitanda hospitalini, na sweta yake ya kijani. Hata ule mlio masikioni ulikuwa umenyamaza.

Nikampa stuli. Alikaa, lakini hakutabasamu.

"Walikuambia dawa ile inaweza kuharibu masikio?"

"Hapana."

"Mimi nilimwambia daktari wetu yanalia tangu dripu ya pili. Akasema ni mawazo. Kumbe alijua. Nenda umuulize."

Nikaingia kumletea chai. Nilipotoka, stuli ilikuwa tupu na mlio umerudi. Njeri alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemtoka. Alinikaribia, akaniuliza kwa kupiga kelele sikioni, "Mami, ulikuwa unaongea na nani?"

Wiki iliyofuata nikaenda Kalimoni. Nilimkuta mume wake. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu yake. Walimzika mwezi mzima kabla ya siku ile aliyokuja kwangu.

Nikarudi kwa daktari, nikamuuliza. Aliniandikia jibu kwenye karatasi: "Tulijua. Lakini si uko hai?"

Niko hai, ndiyo. Njeri ameshazaa, na sijawahi kumsikia mjukuu wangu akilia. Sauti ya mwisho niliyoisikia vizuri duniani ni ya mtu aliyekuwa kaburini.

Sikuambii ukatae dawa. Lakini kabla sindano haijaingia, uliza habari ya masikio. Yakianza kulia, sema siku hiyo hiyo, na wakikupuuza, sema tena mbele ya mtu wa kwenu. Yakishaharibika hayarudi.