Toa Pumzi, Bana

Wilhelmina alikuwa mwalimu wa kwaya huko Kiseke, na kosa ambalo hakumsamehe mwanakwaya yeyote ni kukata pumzi katikati ya neno. Yeye mwenyewe aliweza kuimba mstari mzima na bado akabakiwa na hewa ya kumgombeza mtu wa besi. Mwaka huu, kwenye mazoezi ya Pasaka, hewa ilimwishia ubeti wa kwanza tu. Akashikilia kinanda, anahema, wanakwaya wanatazamana.

Daktari wa moyo alimpima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, akaona valvu moja, kilango cha damu ndani ya moyo, inavuja. Inavuja kiasi gani, hapo ndipo palipokuwa na utata, maana picha haikutoka vizuri.

"Sitaki kukupeleka kupasuliwa kwa kubahatisha, mama," alisema. "Twende MRI, ile mashine ya sumaku. Itatupimia damu inayotoka kwenye moyo na ile inayorudi nyuma."

Wilhelmina alipoambiwa kwamba kazi yake ni kulala kimya na kubana pumzi, alimcheka mumewe Mhoja aliyekuwa na wasiwasi. "Kubana pumzi? Hapo wamempata fundi mwenyewe."

Nestory, kijana wa mashine, alimwamkia vizuri, akambandika nyaya kifuani, akamsukuma ndani ya tundu la mashine. Sauti yake ikaja masikioni: "Vuta pumzi, mama. Toa yote. Bana hapo hapo."

Toa yote? Maisha yake yote alibana pumzi kifua kikiwa kimejaa. Kubana kikiwa kitupu kulimfanya ajione anazama ziwani. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi wa bati, na kabla haijanyamaza akavuta hewa.

"Umevuta mapema, mama. Turudie."

Wakarudia, wakarudia tena. Maneno yale yale aliyowaambia wanakwaya wake miaka yote, leo anaambiwa yeye, tena na mtoto wa kumzaa. Hatimaye akabana mpaka mwisho, akasubiri kusifiwa.

"Umejitahidi sana," Nestory alisema, "ila picha imeharibika. Moyo wako unaruka mapigo. Mashine inachukua kipande kidogo kwa kila pigo, halafu inaviunganisha. Pigo likija ovyo, vipande havikai pamoja."

"Sasa huo moyo niuambieje?"

Nestory akamtoa kwenye tundu, akamwita daktari. Daktari akampa dawa ya kutuliza mapigo, akampangia siku nyingine. Siku hiyo ilipofika, mashine ilikuwa imeharibika na fundi anasubiriwa kutoka Dar. Wilhelmina alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akalia kwa hasira kuliko alivyowahi kulia msibani.

Safari ya tatu aliingia tena kwenye tundu. Dawa ilikuwa imeutuliza moyo, ingawa si kabisa. Nestory alikuwa ameshauriana na daktari, akabadilisha namna ya kupima: mama apumue kawaida, kipimo kichukue muda mrefu zaidi. Mgongo ulimwuma, pua ikamwasha, hakujikuna. Safari hii picha zikakubali.

"Karibu nusu ya damu inayosukumwa mbele inarudi nyuma," daktari alimwambia. "Upasuaji unahitajika. Nitakuombea nafasi."

"Na kuimba?"

"Baada ya kupona, tutaona. Kwa sasa, pumzika."

Nje, Mhoja alimshika mkono. "Tushukuru, Mama Yeremia. Angalau sasa tunajua."

"Nimeshukuru. Ila nina hasira, Baba Yeremia. Niache nikasirike mpaka tufike nyumbani."

Mhoja akamwacha. Walipitia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kununua sato. Wilhelmina akambana muuza samaki kwa maneno juu ya bei mpaka mtu wa watu akainua mikono. Hapo pumzi ikamkatikia Wilhelmina katikati ya neno. Muuzaji akageuza kreti, akaipangusa kwa khanga yake, naye akakaa hapo, amekunja uso, akingoja hewa imrudie.