Betri za Baba na Mlango wa Baba Mdogo

Vita vya Iraki vilianza wakati wa kulima ngolo, na mpaka leo naona hilo ndilo kosa ambalo Wamarekani hawajawahi kuulizwa. Wangesubiri maharage yetu yaote kwanza. Haraka ya nini?

Kwetu ni milimani, upande wa Mkumbi, na mlima wa huko haulimwi hivi hivi, la sivyo mvua itauhamishia ziwani. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari inayokatana. Wanawake hufuata nyuma, wakachimba udongo katikati ya mistari na kuyafunika yale majani, kisha juu yake wakapanda maharage. Mkimaliza, mlima wote unakuwa mashimo matupu yaliyozungukwa na matuta, na mvua inatulia mle ndani kama mgeni aliyepewa kiti. Hiyo ndiyo ngolo. Bila mwanaume kufyeka, mwanamke hana pa kuanzia. Na mwaka ule wanaume wetu wote walikuwa Baghdad.

Walikuwa Baghdad huku wamekaa kwenye sengu, kile kibanda cha ukoo ambamo baba, baba mdogo na wanaume wengine wa kwetu walikula sinia moja na kusuluhisha magomvi. Baba alikuwa na redio inayotumia betri nne kubwa. Asubuhi taarifa ya habari, mchana taarifa ya habari, na katikati ni ubishi juu ya taarifa ya habari. Panga limelazwa pembeni, linashika kutu.

Baba alikuwa amepigana vita vya Kagera, kwa hiyo vita vyote vya dunia aliviona ni mali yake. "Hawa wanataka mafuta," alisema. "Silaha ni kisingizio. Nani kaziona hizo silaha?"

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mpole, lakini kwenye ubishi habanduki. "Kaka, na sisi si tuliingia nchi ya watu tukamtoa mtawala mbaya? Mbona hukuishia mpakani?"

"Sisi tulivamiwa kwanza!"

"Na hao wanasema watavamiwa."

"Watavamiwa! Mimi nikisema kesho utaniibia kuku, leo nije nikuvunjie nyumba?"

Sengu nzima ikacheka. Bwana shamba, aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka Tanga, aliombwa aamue. Akasema yeye ni mtumishi wa serikali na vita havimo katika majukumu yake.

Sisi wengine vita vilitufikia kwa njia nyingine. Mwenye duka alipandisha bei ya mafuta ya taa kabla bomu la kwanza halijatua. Nilipomuuliza akanitazama kwa huruma: "Binti, kwani nyumbani kwenu hakuna redio?" Mnunuzi binafsi wa kahawa naye, mmoja wa wale waliokuja na soko huria, tayari alikuwa anatuambia msimu ujao bei itakuwa mbaya kwa sababu ya Ghuba. Msimu uliopita ilikuwa mbaya na Ghuba imetulia, lakini soko lilikuwa huria na kila mtu alikuwa huru kutafuta sababu yake.

Bibi, mama yao baba na baba mdogo, hakuwa na maoni kuhusu mafuta. Alikuwa na maoni kuhusu majani. Kila siku alipanda mlimani, akautazama, akarudi. Sehemu ndogo tu ilikuwa imefyekwa na kuwekwa matuta. Alijua mvua haitusubiri, na tusipopanda tutakula ugali na chumvi mwaka mzima.

Halafu siku moja asubuhi baba aliwasha redio, kimya. Akafungua nyuma. Betri hazimo.

Bibi alikuwa ameenda msibani, sisi wengine tukatafuta kila mahali. Baba alipindua vitanda, akamwaga mahindi ya mbegu, akamtazama hata mbuzi kwa mashaka. Kisha akakumbuka kwamba jioni moja kwenye ubishi, baba mdogo alikuwa amesema, "Redio yako hiyo inatudanganya, kaka, siku moja itanyamaza." Jirani naye akaongeza kwamba alimwona baba mdogo alfajiri anapita na mfuko mzito. Ushahidi ukawa umekamilika.

Baba mdogo alikuwa kanisani na mke wake. Mlango wao ulikuwa na kufuli. Baba hakusubiri mtu arudi aulizwe. Alisema akisubiri zitahamishwa. Akaupiga mlango teke, ukang'oka na fremu yake, akaingia, akapekua mpaka kwenye chungu cha maharage na sanduku la nguo za shemeji yake. Mfuko mzito aliukuta. Ulikuwa na miche ya kahawa.

Mimi nilikuwa uani, nikitazama. Mtu aliyeshinda wiki nzima akiwalaani Wamarekani alikuwa amesimama ndani ya nyumba ya mdogo wake, kashika mche wa kahawa, anahema. Nilitaka kucheka. Nilipomwona baba mdogo anakuja njiani na kitabu chake cha nyimbo, kicheko kikanikauka.

Hakupiga kelele. Aliutazama mlango uliolala chini, akasema, "Kaka, ulikuwa sahihi. Silaha zilikuwa kisingizio." Hakuja tena kula kwenye sengu. Siku chache baadaye alifungasha, akateremka na mke na watoto hadi Lituhi, kando ya ziwa, akaanza kununua samaki na kuwauza. Kwaya ikabaki inaimba kila mtu na sauti yake.

Baba, kwa hasira na aibu, alienda mlimani akafyeka peke yake sehemu yake na ya mdogo wake. Sijawahi kuona majani yakikatwa vile. Tukafunika, tukapanda, na maharage yakakubali kupita kiasi. Bibi alikuwa anayachambua, lakini ukimpelekea mboga ya maharage anakula kidogo tu. Tukadhani ni uzee.

Wakati wa kuivunja ile ngolo ili kutengeneza mpya ulipofika, redio ilikuwa imeshapata betri nyingine na imeshatangaza mara nyingi kwamba silaha za Iraki hazikuonekana. Baba hata hakushangilia. Siku hiyo jembe la mama liligonga kitu tutani. Akainama, akatoa mfuko wa rambo, na ndani yake betri nne zilizovimba kutu.

Baba aliitwa. Akazishika, akakaa chini pale pale kwenye udongo.

"Ni mimi," alisema bibi. "Tuta la wanawake, hakuna mwanaume anayelifukua. Nilitaka mfyeke majani, basi. Nilipotoka msibani siku ile nikakuta mlango uko chini. Nikaogopa kusema."

"Mama, umenifanya nimfukuze mdogo wangu."

"Mimi nilificha betri. Teke nilipiga mimi?" Kisha akaanza kulia.

Kesho yake baba alichukua bisibisi, akaufungua mlango wetu wa mbele, ule wa mninga alioutengenezesha alipouza kahawa vizuri, akaupakia kwenye lori na kuteremka nao Lituhi, betri zikiwa mfukoni mwa koti. Mama alimuuliza sisi tutafunga nini. Akasema, "Mkeka."

Baba mdogo mwenyewe alinisimulia yaliyofuata. Alimwona kaka yake anatembea ufukweni na mlango kichwani, watoto wa wavuvi wanamfuata. Akamsalimu, "Shikamoo, kaka." Baba akatua mlango, akaitikia, akatoa betri akaziweka juu ya mbao.

"Zimepatikana," alisema. "Hazikuwa kwako."

Mlango ulikuwa mrefu kuliko nyumba ya kule, ikabidi waukate chini. Waliukata pamoja. Baba mdogo hakurudi kuishi mlimani, alisema ziwa limeshamzoea. Lakini Krismasi ile alipanda na familia yake na gunia la usipa, dagaa wa kule ziwani, akakaa kwenye sengu, sinia ikawekwa katikati. Bibi alisogezewa kiti mlangoni.

Redio ikasema kuna wakubwa wa huko nje wamekiri kwamba habari za silaha zilikuwa na makosa, ila vita vinaendelea.

Bibi akainua kichwa. "Wamekosea nyumba?"

"Ndiyo, mama," alisema baba.

"Na mlango? Wamewapelekea mlango?"

Baba aliizima redio. Baba mdogo akamsogezea kaka yake usipa, tukala.