Kunguni wa Bwana Pasi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa nguo, na mtaa mzima unamwita Bwana Pasi kwa sababu suruali yake ina mkunjo uliosimama hata siku ya mvua. Mteja akija na kitambaa chenye harufu ya jasho, anakishika kwa ncha za vidole na kumwambia akakifue kwanza. Anajiona, tuseme ukweli. Watu wanamvumilia kwa sababu koti lake likikaa, limekaa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeanza kuwashwa. Mabaka mekundu yaliyovimba yalimtoka tumboni, yakapotea, yakaibuka mgongoni, kisha mikononi. Alijikuna kwa rula, kwa ukingo wa meza, hata kwa kipande cha chaki ya kukatia. Joto lilipopanda, yeye alivaa mikono mirefu na kufunga vifungo mpaka kooni, maana aliona haya kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Asubuhi moja alikuwa anampima mwalimu wa shule ya jirani. Aliponyoosha mkono kuzungusha utepe, shati likapanda na mabaka yakaonekana. Mwalimu akarudi nyuma, akakumbatia kitambaa chake.

"Fundi, hiyo si ya kuambukiza kweli?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakakaza macho. Shemeji angeweza kusema hajui, lakini hapo mchafu angebaki kuwa yeye.

"Kunguni tu, mwalimu," akasema. "Mama watoto siku hizi amelegea. Nyumba imemshinda."

Benchi likacheka, mwalimu akampa pole, vipimo vikaendelea. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Dada alipomuuliza, mumewe hakuwa na ujasiri wa kurudisha maneno mdomoni, akasema ndiyo, wapo, wewe huwaoni tu.

Dada yangu, ambaye hata fagio analiosha, akawa haendi bombani mpaka wenzake waondoke. Alitoa godoro uani, mbele ya macho ya wapita njia, akachemsha shuka, akasugua kitanda kwa maji ya moto na sabuni kali mpaka vidole vikachubuka. Nilikuwa nakwenda kumsaidia, na kila nilipomlaani mumewe alininyamazisha.

Muwasho haukujali usafi huo wote. Ulipomnyima shemeji hata nafasi ya kutunga uzi kwenye sindano, akaenda duka la dawa na hadithi yake ileile ya kunguni. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kunitazama.

"Nyumbani nani mwingine anawashwa?" mfamasia aliuliza.

"Mimi tu."

"Na mama watoto mnalala kitanda kimoja?"

"Kimoja."

"Basi hao kunguni wana adabu sana, wanajua mpaka wa shuka." Mfamasia alimgeuza mkono akautazama vizuri. "Hii ni aleji, mzee. Inatoka hapa, inapotea, inatokea kule, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Si uchafu, wala humwambukizi mtu."

Akampa vidonge vya aleji, kimoja kwa siku. Akamwambia hivi havisinzishi sana, vile vya zamani vingemlaza juu ya cherehani akajishona kidole. Ila midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, asirudi dukani, akimbie hospitali.

Alimeza kimoja palepale. Kufika mchana muwasho ulikuwa umetulia na mkono umelainika. Alifurahi kwa muda mfupi tu. Kisha maneno ya mfamasia yakamrudia, si uchafu, na uso ukamwaka kwa aibu. Akafunga duka lake la ushonaji, wateja wakiwa bado wanakuja.

Alitukuta chumbani, dada amepiga magoti na brashi mkononi. Shemeji akasimama mlangoni, shati amelikunja mpaka kwenye kiwiko. Dada aliuona ule mkono, uso wake ukafunguka.

"Yameisha," akasema. "Nilijua maji ya moto yatawamaliza." Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mume wangu. Nimekuaibisha mbele ya wateja wako."

Nilimkazia macho shemeji. Angenyamaza, ningesema mimi yote niliyokuwa nayo rohoni. Alishika fremu ya mlango.

"Hakukuwa na kunguni," akasema. "Ni aleji, ni mwili wangu. Niliona aibu, nikakutupia wewe. Kesho nitamwambia mwalimu, nitawaambia wote."

Dada aliweka brashi chini taratibu, akaketi juu ya mbao tupu za kitanda.

"Nilipekua kila mshono wa lile godoro kwa tochi," akasema. "Sikumwona hata mmoja. Lakini wewe ulisema wapo, nikajua macho yangu ndiyo mabovu."