Mikono Kifuani

Kama unataka kuijua Dodoma ya kipupwe, njoo na ala ya nyuzi. Upepo unakausha midomo, unakausha ngozi, unakausha mbao mpaka asubuhi unakuta nyuzi zimelegea zenyewe. Mimi napiga viola, ambayo ni dada mkubwa wa fidla, na kuanzia mwezi wa sita naiwekea sandukuni kiboksi cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sponji mbichi ndani. Mume wangu anasema viola inatunzwa kuliko yeye. Hajakosea sana.

Okestra yetu ni ndogo, watu kumi na wawili, wote wa nyuzi. Kwa siku za kazi ni walimu na watumishi wa ofisini, mmoja ni daktari wa mifugo. Jumamosi tunakutana kwenye ukumbi wa parokia kufanya mazoezi. Msimu wetu una maonyesho machache, na la mwisho ni la watoto wa shule za msingi. Hilo nililianzisha mimi. Nililigombania, na kwa kweli ndilo lililonifanya nimvumilie kiongozi wetu miaka yote hii.

Kiongozi wetu ni mzee aliyesomea muziki ng'ambo. Anajua kazi yake, sitamnyima haki hiyo. Lakini anaamini muziki huu hausikilizwi ila kwa kimya, na huko ndiko tulikokosana. Miaka mitatu iliyopita tuliwaalika watoto wa Chang'ombe ya hapa Dodoma, wakaja na mama zao. Sasa, kwetu Ugogoni wimbo mzuri haukaliwi kimya, unaitikiwa. Hatujafika mbali watoto wakaanza kuitikia chini chini, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, maana mtoto wa Kigogo anajua kuitikia kabla hajajua kusoma. Mama mmoja akapiga kigelegele, akapanda jukwaani, akamfunga mpiga fidla wetu wa kwanza khanga begani kumtuza. Bega lenyewe lilikuwa la mkono unaoshika upinde wa kupigia. Fidla ikanyamaza katikati ya sentensi. Nilicheka mpaka nikapotea kwenye ukurasa.

Kiongozi hakucheka. Msimu uliofuata hapakuwa na onyesho la watoto kabisa, na mwaka jana alikubali kwa shingo upande. "Nawapa nafasi moja," alisema. "Zikitokea kelele tena, habari ya watoto imekwisha, na usije kunilalamikia."

Basi nikaenda Ihumwa, kwenye shule ninayoifahamu, nikamweleza mwalimu mkuu. Ni mama mchangamfu, anayecheka kwa mwili mzima. Nilimwomba awaandae watoto wasikilize kwa utulivu kidogo.

"Ondoa shaka, dada," alinijibu. "Watoto wangu nikisema mikono kifuani, hata kunguru wa shule wanatulia. Samaki mkunje angali mbichi."

Nilipanda bodaboda kurudi mjini nikiwa na furaha. Nilidhani kazi imekwisha.

Siku ya onyesho waliingia ukumbini kwa mstari, sare zimepigwa pasi, miguu imepakwa mafuta mpaka inang'aa. Waliketi. Mwalimu mkuu alisimama ubavuni akasema maneno mawili tu, "Mikono kifuani!" na watoto wote wakakunja mikono mara moja. Walikaa hivyo. Tukapiga wimbo wa kwanza, wa haraka, wenye kuruka ruka, uliochaguliwa makusudi ili wachekeshwe nao. Hakuna aliyetabasamu. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi, mpaka mwalimu wao alipopiga yeye. Ndipo wakapiga, wakaacha pamoja, wakakunja mikono tena. Kiongozi aligeuka, akawainamia kwa heshima. Sikuwahi kumwona ameridhika vile. Mimi nilianza kutafuta kwenye safu uso hata mmoja unaocheka.

Katika wimbo uliofuata, wa polepole, ndipo nilipomwona binti mmoja. Alikuwa safu ya mbele, wa miaka minane hivi, macho yamenikazia. Damu ilikuwa inamtoka puani. Kipupwe huwafanyia watoto hivyo, si ugonjwa. Mtoto huinamisha kichwa, anabana pua, mambo yanakwisha. Huyu hakubana chochote. Damu ilimshuka mdomoni, ikapita kidevuni, ikawa inadondokea kwenye shati jeupe, na mikono yake imekunjwa vilevile. Jirani yake aliona, akarudisha macho mbele.

Nilimtazama kiongozi. Alikuwa amefumba macho.

Niliweka viola kwenye kiti nikashuka. Wenzangu waliendelea bila sehemu yangu. Nilipiga magoti mbele ya binti, nikamwinamisha, nikambana pua kwa ncha ya mtandio wangu. "Shika hapa, mwanangu," nilimnong'oneza. Hakushika. Nikajaribu kuikunjua mikono yake, nikaikuta imekaza. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka, mikono tu ndiyo iliyotulia.

"Mwalimu hajasema," alininong'oneza.

Niliishika pua ile mimi mwenyewe mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya watu kutoka, kiongozi alinifuata nikiwa nasuuza mtandio bombani. Hakupandisha sauti. "Umeacha sehemu yako katikati," aliniambia. "Watoto wale wamekuzidi nidhamu." Kisha akaniambia kwamba onyesho la watoto litakuwepo kila msimu, na shule nyingine zipelekwe kwa yule mwalimu mkuu zikajifunze. Nilichokuwa nakipigania nilikipata pale pale, na maji mekundu yakinipita vidoleni. Nilikamua mtandio kwa hasira, nikaenda kuchukua viola yangu.

Wiki iliyofuata nilirudi Ihumwa peke yangu na viola, saa ya michezo. Nilitaka kuwapa kile nilichotaka kuwapa tangu mwanzo. Nikiwa bado getini niliwasikia wasichana wakiruka kamba, wanaimba, mmoja anaongoza na wengine wanajibu kwa sauti tatu zilizopangika kuliko sisi Jumamosi. Waliponiona walikuja mbio. "Shikamoo, mwalimu!" Wakagombania kunibebea sanduku. Yule binti wa damu alikuwepo, mzima kabisa, anacheka pengo lake lote wazi.

Niliketi kwenye ngazi ya darasa nikafungua sanduku. Hakuna aliyewaamuru. Mbele ya macho yangu wakakaa chini kwa safu, juu ya vumbi, na mikono ikapanda vifuani.

"Leo si hivyo," niliwaambia. "Leo mnaimba na mimi." Nikapiga wimbo wao wenyewe, ule wa kamba, nikafika pale pa kuitikia nikasubiri. Kimya. Nikaanza upya, nikasubiri tena. Yule binti akanyoosha kidole kama darasani, nikamruhusu aseme.

"Mwalimu," aliuliza, "tumenyamaza vizuri?"

Nikarudisha upinde kwenye nyuzi nikauanza ule wimbo mara ya tatu.