Niliitwa mwizi wa RAM kwa sababu ya vipande visivyo na chip

Wakuu, habari za siku. Leo nasema ukweli mtupu, na anayetaka niuseme kwa upole apite tu.

Enzi zile soko limefunguliwa na kompyuta za mtumba zinaingia kila kona, nilikuwa karani wa sekondari moja ya binafsi huku Bweri, Musoma. Nachapa mitihani.

Tulikuwa na desktop mbili: moja ya SDRAM, RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ya kawaida, nyingine ya msaada yenye RDRAM, aina mpya ya RAM wakati ule.

RDRAM ilisifiwa balaa! Kwenye makaratasi ina spidi. Mimi niliyezitumia zote nasema: kuchapa, kuprint, kufungua mafaili, sikuona tofauti ya maana. Zaidi ya hapo inachemka, bei ya kuua, na Musoma nzima huipati.

Tena ina masharti. Kila slot, yaani tundu la kuchomekea RAM, lazima ijazwe. Pasipo na RAM unachomeka kipande kitupu kisicho na chip hata moja. Ukikitoa, mashine haiwaki.

Sasa mkuu wa shule akaifungua ile ya RDRAM ipulizwe vumbi. Akakuta slot mbili zina RAM, mbili zina vipande vitupu.

"Chip za hizi ziko wapi?"

"Mwalimu, ndivyo zilivyokujaga."

"Zilikujaga na chip. Umezitoa umeuza!"

Akavichomoa, akaviweka mezani. Mashine ikagoma kuwaka. Basi, huo ukawa ushahidi wa pili! Nikafukuzwa hapo hapo.

Mama yangu anauza dagaa Mwigobero. Aliambiwa sokoni, mbele ya wateja wake, kwamba mwanawe ni mwizi. Niliporudi nyumbani akaniuliza kama nimeiba. Nikamwambia hapana. Hakuniamini, wakuu, na hilo liliniuma kuliko kazi.

Siku ya tatu nikarudi shuleni. Nikavichomeka vile vipande mbele ya walimu wote, nikawasha. Ikawaka, na kwenye skrini RAM ikasoma kiasi kile kile cha siku zote, haijapungua hata kidogo.

Nikasubiri neno pole.

Mkuu wa shule akacheka. "Yaishe bwana. Sisi tulishakusamehe. Mama yako alikuja jana, akapiga magoti hapa kukuombea."

Kazi yao niliwaachia. Hasira ile ninayo mpaka leo, siifichi.

Funzo: kitu usichokijua, uliza kabla hujamwita mtu mwizi. Na kwa ofisi, SDRAM ilitosha kabisa.

Karibuni mchangie. Ila mnijibu hili kwanza: nilisamehewa kosa gani?