Kalamu Niliyompokonya M'Rimberia

Kuna siku moja ambayo naikumbuka kila nikiona kijana akimtoa mzee kitu mkononi, ati anamsaidia. Alhamisi iliyopita niliikumbuka tena, mwanangu, na wewe ndiye uliyenikumbusha. Usikunje uso. Keti hapo, chai bado iko moto, nami sina haraka. Mtu aliyestaafu ana utajiri mmoja tu, nao ni wakati.

Umekuja kuniomba nikazungumze na Sista Gacheri, muuguzi mstaafu mwenzangu. Unasema leo hakuja kwenye darasa lako la simu na kompyuta, na amemtuma jirani kukwambia kwamba hata safari yetu sisi wastaafu ya Jumamosi, ile ya kwenda Kibugu kutembelea mashamba ya chai, hataenda. Unauliza kama ni mgonjwa. Si mgonjwa. Jana nilimwona akipalilia maharagwe yake, na jembe alikuwa analipiga chini kwa hasira. Ana uchungu, na uchungu huo naujua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumtia mtu uchungu kama huo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, nikatumwa shule ya msingi kule Kibirichia. Asubuhi nilifundisha watoto, na jioni, mara mbili kwa wiki, nilifundisha ngumbaru, yaani watu wazima waliokosa shule enzi za mkoloni. Walikuja na udongo wa shamba la viazi miguuni, wakajikunja kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yakakaribia kidevu. Mimi nilikuwa na saa ya mkononi na viatu vya kisigino, na kwa vitu hivyo viwili nilidhani nimeumaliza ulimwengu.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa mzee mmoja aitwaye M'Rimberia. Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze: kwetu Meru mwanamume mtu mzima haitwi jina lake tupu. Lazima itangulie ile M' yenye alama yake juu, na hiyo ndiyo heshima yake mbele ya watu. Kumwita bila hiyo ni kumrudisha utotoni. Mzee yule alikuwa mcheshi ajabu. Maisha yake yote alikuwa ameweka kidole gumba kwenye karatasi za watu, tangu za chifu wa mkoloni mpaka za shamba lake mwenyewe. "Mwarimu," aliniambia, maana l ilimshinda kabisa, "kidore kimoja hakivunji chawa, kitaandikaje jina? Na tena hata nyani ana kidore."

Basi alijifunza jina lake. Alianza mwaka ukianza, na ilipofika Agosti aliweza kulisoma popote alipoona nimeliandika. Kuliandika ndiko kulikomchukua muda. Ile M alikuwa anaijenga kama mtu anayesimamisha nguzo za boma, mguu baada ya mguu, akisimama katikati kuvuta pumzi. Alama ya juu aliiweka mwisho, kwa makini, halafu anaegemea nyuma na kuitazama. Mimi huku nyuma natazama saa.

Halmashauri ya shule ikaamua tuwapeleke ngumbaru matembezi, wakaone bwawa linalotoa umeme kule Mto Tana. Niliwaambia kwamba langoni kuna kitabu cha wageni, na kila anayeingia huandika jina lake, awe mkubwa wa serikali au mzungu kutoka ng'ambo. M'Rimberia akauliza, "Na kitabu hicho hakichomwi?" Nikamwambia kinawekwa. Akasema basi hapo ndipo ataandika jina lake kwa mara ya kwanza mbele ya watu, ili watu wasiomjua wajue alipita. Mwezi mzima alifanya mazoezi. Daftari lake lilijaa jina moja tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Tukaondoka na lori la kukodi, mapema, kukiwa na baridi yetu ya Kibirichia. Wazee walivaa makoti mazito, na akina mama walibeba uji wa wimbi na viazi vya kuchemsha. Waliimba njia nzima, na tulipoteremka kule chini kwenye joto la Tana walikataa kata kata kuvua makoti, ati mtu haendi ugenini bila koti. Hata leo nikisikia harufu ya kiazi kilichochemshwa na ganda lake, naiona ile safari, na natamani kurudi nyuma nikae nao tena siku moja tu. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahi vile.

Langoni tulifika tumechelewa. Askari akaniambia fundi wa kututembeza ana nusu saa tu, kwa hivyo niwaharakishe wazee wangu. Wengine wakaandika, wengine wakaweka kidole. Ikafika zamu ya M'Rimberia. Alipangusa mkono kwenye koti, akakinyoosha kitabu, akashika kalamu, akaandika mguu wa kwanza wa M. Akasimama kuvuta pumzi. Nyuma yake palikuwa na watu kama kumi na watano, jua linachoma, askari anagonga meza kwa vidole. Nikatazama saa. Halafu, mwanangu, nikanyoosha mkono nikamtoa kalamu vidoleni, nikasema, "Ngoja nikusaidie, mzee," na kando ya ule mguu wake mmoja nikaandika haraka haraka: Rimberia.

Hakunigombeza. Aliinama akasoma. Nilikuwa nimesahau kwamba sasa anajua kusoma.

"Mwarimu," akasema, "hapa hapana M'. Huyu Rimberia ni nani?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Si ni wewe, mzee? Twende, tumechelewa."

"Kama ni hivyo," akasema, "mimi sijafika."

Akageuka, akarudi kwenye lori, akaketi. Sisi tukaingia, tukaona maji na mitambo, tukatoka. Yeye bwawa hakuliona. Wakati wa kurudi waliimba tena, lakini sauti yake haikuwamo.

Wiki mbili hakuja darasani. Nikajiambia ni wakati wa kuvuna viazi. Wiki ya tatu mkewe, Mama Nkirote, alinikuta shuleni nikisahihisha madaftari. Hakuketi.

"Mzee wangu halali vizuri," akasema. "Daftari amelitia darini kwenye moshi. Nimemuuliza, akanieleza. Sasa nakuuliza wewe: ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za fundi na nusu saa. Akanikata kauli. "Ulidhani anataka wino kwenye karatasi? Wino hata mtoto wa darasa la pili angemwandikia. Heshima si utumwa, mwalimu. Ungengoja."

Nililia siku hiyo, na nilistahili kulia. Jumapili baada ya kanisa nikachukua kilo ya sukari na majani chai, nikaenda kwake kuomba msamaha. Alinipokea vizuri kabisa. Akaniwekea kiti karibu na moto, akaniuliza habari za wazazi wangu. Nilipoanza kusema nililojia, akainua mkono.

"Nirikusamehe kabra hujaketi," akasema. "Wewe ni mtoto, na mtoto hukosea. Rakini kuandika siwezi tena. Nikishika karamu naona mkono wako ukija."

Nilimbembeleza. Nikamwahidi kwamba nitamngoja hata saa nzima. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, hata aliyeyamwaga akipiga magoti.

Jioni ya ngumbaru iliyofuata, Mama Nkirote akaingia darasani na lile daftari lenye masizi. Akajikunja kwenye dawati la mumewe. "Ameniambia nije mimi badala yake," akasema. "Na ameniambia ukinipokonya kalamu, nikuchape nayo." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka huku nafuta macho. Yule mama alijifunza mpaka akawa anamsomea mzee Biblia. Lakini M'Rimberia mwenyewe, miaka aliyobaki nayo duniani, aliendelea kuweka kidole gumba. Hata kwenye karatasi ya mwisho aliyoletewa hospitalini, aliweka kidole.

Sasa turudi kwako. Alhamisi iliyopita Sista Gacheri alikuwa anamwandikia mwanawe aliye ng'ambo. Nilikuwa nimeketi kando yake, nikaona. Alikuwa ametafuta herufi moja moja mpaka akafika "Mwanangu mpe", ile "mpendwa" ikiwa bado nusu. Ukapita, ukamwambia kama bibi yako, "Leta nikusaidie, shosho," ukaichukua simu, ukamaliza, ukatuma. Ulikuwa na nia njema, najua. Hata mimi nilikuwa na nia njema. Lakini mkono ule umefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na kupokea watoto wengi wa mji huu, pengine na wewe ukiwamo. Haukuzoea kuambiwa umeshindwa. Na yule kijana wake alipata ujumbe mzuri, lakini wa mtu mwingine.

Kwa hivyo siendi kuzungumza naye. Nenda mwenyewe, na nenda leo, maana majuto ni mjukuu na mimi wangu nimemlea miaka hamsini. Usiende na maelezo mengi. Mwambie umekosa, kisha umwombe auandike upya ujumbe wake kwa mwanawe mbele yako. Akikwama, kaa kimya. Akikosea, kaa kimya. Akikuuliza, mjibu kwa mdomo, usimjibu kwa mkono. Na ukiona mkono wako unawasha kumsaidia, uukalie.

Mzee hajifunzi ili amalize. Angetaka kumaliza tu, angemtuma mjukuu. Anajifunza ili siku yake iwe na kitu alichokifanya yeye mwenyewe. Elimu haina mwisho, ndiyo, lakini moyo wa kujifunza unaweza kufikishwa mwisho na kijana mwenye haraka, kwa sekunde mbili tu.

Chai yako imepoa, iache. Nenda kabla hajalala na wazo lile usiku mwingine. Mungu akutangulie njiani, akulainishie ulimi, akutie uzito kwenye mikono. Akupe miaka mingi, uzeeke ukiwa na hamu ya kujua jambo jipya. Na siku hiyo vidole vyako vitakapokuwa vizito, akuletee mtoto wa watu atakayekungoja.